Ukila Paris, Tazama Saa

Wanaorudi kutoka Paris huja na malalamiko mawili kuhusu chakula: bei inauma, na wahudumu wana majivuno. Ukiwadadisi kidogo utagundua kwamba mengi yalianzia kwenye saa. Mtu ameshinda mjini tangu asubuhi, kapanda mnara wa Eiffel, kazunguka Louvre mpaka miguu imevimba, na njaa inamshika saa tisa na nusu alasiri. Anaingia mgahawa mzuri, viti vitupu, anaambiwa hakuna chakula. Anajiona amedharauliwa. Anatoka amenuna, anavuka barabara na kuangukia mahali penye menyu ya lugha sita na picha za piza, anakula kuku wa kupashwa moto kwa pesa ambazo, saa tatu nyuma, zingemlisha vizuri kabisa.

Dharau zipo Ufaransa kama kwingineko, sikatai. Lakini jiko la saa tisa alasiri limefungwa kwa kila mtu, awe waziri au mbeba mizigo. Mgahawa wa kawaida wa Kifaransa hupika mara mbili tu kwa siku: kuanzia saa sita mchana hadi saa nane au nane na nusu, kisha tena kuanzia saa moja au moja na nusu usiku. Katikati wapishi wanakwenda zao. Ukifika saa nane kasoro dakika tano umewaudhi, na utaona usoni. Ukilazimika kula nje ya saa hizo, tafuta maneno "service continu" mlangoni, yaani jiko halizimwi. Brasserie nyingi, zile kubwa zenye vioo na mabenchi ya ngozi karibu na stesheni za treni, huwa hivyo. Angalia pia siku. Jumapili na Jumatatu migahawa mingi midogo hufungwa, na mwezi wa Agosti wenye biashara hubandika karatasi mlangoni na kwenda likizo wiki nzima, mbili, tatu. Mtu aliyepanga safari ya kula akaiweka katikati ya Agosti amejinyima mwenyewe.

Ukishaikubali saa, pesa nayo inakutii. Siri ambayo wenyeji wala hawaioni kuwa siri ni hii: kula kwa heshima mchana, usiku jipumzishe. Siku za kazi, mgahawa uleule ambao usiku ungekutoa jasho huwa na "formule" ya mchana, yaani bei moja kwa vyakula viwili: cha kuanzia na chakula chenyewe, au chakula chenyewe na kitamu cha mwisho. Paris, katika mtaa usio wa watalii, hesabu kama yuro 16 hadi 25. Huandikwa kwa chaki kwenye ubao nje, pamoja na "plat du jour", chakula cha siku hiyo. Ubao wa chaki ni dalili njema, maana mwandiko wa mkono hubadilika kila asubuhi kufuata kilichonunuliwa sokoni. Hata migahawa yenye nyota za Michelin, ambayo usiku hugharimu kama tiketi ya ndege ya ndani, mara nyingi ina mlo wa mchana wa bei nafuu zaidi kati ya Jumanne na Ijumaa. Anayetaka kuonja upishi wa aina hiyo mara moja maishani aweke nafasi ya mchana, wiki kadhaa kabla.

Jioni sasa, nunua mkate, kipande cha jibini ya Comté kwenye duka la jibini, nyanya na matunda, ukae ukingoni mwa mto Seine au chumbani kwako. Hakuna atakayekuona mshamba. Wafaransa wenyewe wamejaa ukingoni hapo.

Kwa anayetaka mgahawa wa kweli na mfuko mwepesi, kuna bouillon. Zilianza katikati ya karne ya 19 kama migahawa ya supu na nyama kwa wafanyakazi, na sasa zimerudi kwa kishindo. Maarufu kuliko zote ni Bouillon Chartier, mtaa wa Faubourg-Montmartre, iliyofunguliwa mwaka 1896. Ukumbi wake ni mrefu, wa mbao na vioo na taa za duara, na wahudumu wamevaa vizibao vyeusi juu ya mashati meupe. Utapanga foleni uani. Utakalishwa meza moja na watu usiowajua. Mhudumu ataandika ulichoagiza kwa kalamu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, palepale mbele yako, na mwisho wa mlo atajumlisha hapohapo, tarakimu zikipishana na madoa ya mchuzi. Chakula chenyewe ni cha wastani, tusidanganyane. Mayai ya kuchemsha na mayonezi, kuku na viazi, karoti za kukwaruza. Unalipia ukumbi na vurugu yake, na hulipi nyingi.

Kuingia mgahawani kuna adabu moja inayofungua milango yote, na mtu wa pwani hahitaji kufundishwa thamani yake: salamu kwanza. Sema "Bonjour, Madame" au "Bonjour, Monsieur" kabla ya neno lingine lolote, hata kama unachotaka ni kuuliza choo kiko wapi. Jioni ni "Bonsoir". Anayeanza na shida yake bila salamu anajibiwa kama alivyoingia. Kisha subiri uonyeshwe meza. Usipige vidole wala kuita "garçon" kama kwenye sinema za zamani. Inua mkono kidogo, mtazame mhudumu machoni, sema "s'il vous plaît", yaani tafadhali, hutamkwa sil-vu-ple. (Wasomaji wa Bukavu na Bujumbura waniwie radhi, haya yenu mnayajua tangu shuleni.)

Ukiomba "menu" unaweza kuletewa mlo uliopangwa wa bei moja. Orodha yote ya vyakula huitwa "la carte". Na "entrée" ni kile cha kuanzia, kidogo, ingawa Marekani neno hilohilo ni chakula kikuu. Watu wameagiza entrée peke yake wakabaki wakiitazama sahani ya majani matatu.

Maji: mhudumu akikuuliza unataka ya chupa, yenye mapovu au yasiyo nayo, mwambie "une carafe d'eau", hutamkwa yun-karaf-do. Ni maji ya bomba, safi, ya bure. Tangu mwaka 2022 sheria inaitaka migahawa iwajulishe wateja kwamba maji hayo yapo. Chupa ingekuongezea yuro tano au zaidi kwenye bili kwa kiu ileile. Mkate nao umo katika bei ya mlo, na ukiisha omba mwingine. Unawekwa juu ya meza, kando ya sahani, wala si ndani yake, na makombo hayamshangazi mtu. Ukibakiza chakula, unaweza kuomba ufungiwe. Tangu Julai 2021 mgahawa hauruhusiwi kukunyima chombo cha kubebea, japo bado kuna wanaokunja uso.

Bili haiji mpaka uiombe. Mgeni hukaa akifura, "wametusahau hawa," kumbe kwao kukuletea bili hujaiomba ni kukufukuza. Sema "l'addition, s'il vous plaît". Bei uliyoiona kwenye menyu ina kodi na huduma ndani yake, kwa hiyo bakshishi si deni. Ukiridhika, acha sarafu moja mbili. Siku hizi kwenye mitaa ya watalii mashine ya kadi inakutolea maswali ya asilimia kumi au kumi na tano; bonyeza kwamba hutaki, bila aibu.

Kahawa huja baada ya kitamu, si pamoja nacho, na "un café" ni kikombe kidogo cheusi. Ila ukiona "café gourmand", chukua: ni kahawa hiyohiyo iliyozungukwa na vitamu vitatu vinne vidogo, njia rahisi ya kuonja vyote mtu anapogoma kuchagua. Mpenda chai ya maziwa ajiandae kisaikolojia. Ataletewa maji ya moto na kipakiti.

Nyama inahitaji maelezo. Steki huulizwa iive vipi: "saignant" ina damu, "à point" bado ni ya waridi katikati, "bien cuit" imeiva. Kwetu zile mbili za kwanza ni nyama mbichi, na ukiomba ya tatu utapewa, ila vipande wanavyopenda wao, bavette na onglet, hukakamaa vikikaa sana motoni. Kwa mla nyama wa Afrika Mashariki ushauri wangu ni kuachana na steki na kuagiza vyakula vya kutokota polepole, ambako Wafaransa ni mafundi hasa. Confit de canard ni paja la bata lililopikwa taratibu ndani ya mafuta yake kisha likakaushwa ngozi. Parmentier ni nyama ya kusaga chini ya viazi vya kuponda. Blanquette de veau ni ndama kwenye mchuzi mweupe wa krimu, na humo jikoni, ndani ya sufuria, huwa kuna kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu mbili tatu. Mtu wa Pemba ataijua harufu kabla sahani haijatua.

Kuna mitego. Steak tartare ni nyama ya kusaga mbichi kabisa, na yai bichi juu. Andouillette ni soseji ya matumbo ya nguruwe, harufu yake inatangulia. Ris de veau haina wali wowote. Ni tezi ya ndama. Ni tamu, lakini ni vizuri ujue kabla ya kuagiza kuliko baada.

Kwa Mwislamu, jambo ni pana kuliko kukwepa neno "porc". Nguruwe hujificha katika "lardons", vipande vidogo vinavyorushwa ndani ya saladi, quiche na hata maharage, na katika "jambon" na "charcuterie". Divai imo ndani ya bœuf bourguignon na coq au vin kwa jina na kwa wingi, lakini pia kwenye kome, kwenye mchuzi wa samaki, kwenye supu ya vitunguu. Uliza: "Il y a de l'alcool dans la sauce?", yaani mchuzini mna pombe? Hakuna atakayeona ajabu. Sole meunière, samaki wa siagi na limau, kwa kawaida haina pombe. Njia nyingine nzuri ni mikate ya mkoa wa Brittany, galette za unga mweusi wa sarrasin. Migahawa yake imepangana mtaa wa Montparnasse, jirani na stesheni ya treni za kutoka huko. Ile iitwayo "complète" ina yai, jibini na paja la nguruwe, basi sema "sans jambon". Na ule mtungi wa kinywaji cha tofaa kinachonywewa kwa bakuli ni "cidre", una kilevi, usiudhani juisi. Nyama halali ipo tele mitaa ya Belleville na Barbès. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, una ukumbi wa chai uani wenye chai ya mnanaa na vitamu vya lozi na asali, na unakaribisha kila mtu.

Sasa tuje kwenye vitamu, ambavyo kwangu ndivyo vinavyolipa nauli.

Anza na mkate, kwa sababu mkate una sheria. Tangu mwaka 1998 duka haliruhusiwi kujiita "boulangerie" kama mkate wake haukandwi na kuokwa papo hapo. Na amri ya mwaka 1993 inalinda "baguette de tradition": unga, maji, chumvi, hamira, bila viongezi vya kiwandani, na donge lisigandishwe kwenye friza. Kwa hiyo usiseme "une baguette", sema "une tradition". Itakugharimu senti chache zaidi, na ndiyo iliyo na ganda linalolia likivunjwa na nyama ya ndani yenye rangi ya krimu na matundu yasiyolingana. Unaweza kuongeza "bien cuite" ukiitaka iliyokolea. Kumega ncha yake na kuitafuna njiani kabla hujafika nyumbani ni desturi ya taifa zima.

Lakini sheria hiyo inazungumzia mkate tu. Croissant iliyo kabatini inaweza kuwa imetoka kiwandani ikiwa imegandishwa, ikaokwa pale asubuhi, na duka likabaki boulangerie halali. Hapa ndipo macho yanapofanya kazi. Kwanza soma kibao: "croissant au beurre" ni ya siagi, "croissant ordinaire" ni ya majarini, na kwa mazoea, si kwa sheria, ya siagi huwa imenyooka na ya kawaida imepinda kama mwezi. Tazama trei: zikiwa zote sawasawa, kipimo kimoja, mng'ao mmoja, shuku. Zilizotengenezwa kwa mkono hutofautiana kidogo. Maduka yanayotengeneza yenyewe mara nyingi yanajitangaza kwa maandishi "fait maison", yaani imetengenezwa hapa hapa. Ukishainunua, ishike. Inatakiwa kuwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Ganda liwe kahawia, si njano. Ukilibonyeza lipasuke na kupukutika mpaka kwenye shati. Ivunje katikati: ndani utaona tabaka nyembamba zilizojitenga, zikinyumbuka kabla ya kukatika, na harufu ya siagi itapanda. Ile ya majarini ina kitu kinachobaki kimeganda kwenye kaakaa hata baada ya kahawa.

Ile ndugu yake yenye vijiti viwili vya chokoleti ndani huitwa pain au chocolat Paris, na chocolatine Bordeaux na Toulouse. Ukiwa kusini-magharibi, tumia jina lao, utapata tabasamu.

Vitu hivi ni vya asubuhi, kabla ya saa nne. Ruka staftahi ya hoteli, ambayo mara nyingi hutozwa yuro 15 au zaidi kwa mkate uleule, ukale dukani mtaani kwa yuro tatu nne pamoja na kahawa. Keki zenyewe huwa kamili kuanzia saa nne na nusu hivi. Saa kumi na nusu watoto wanatoka shule, foleni inarefuka, na baada ya hapo vilivyo vizuri vimeisha. Jumapili asubuhi ndiyo siku kuu ya keki: familia zinabeba maboksi yaliyofungwa utepe kwenda kwa bibi. Foleni ya Jumapili ya wenyeji wa mtaa ni ushahidi bora kuliko nyota za kwenye simu. Ikifika zamu yako, salimu, onyesha kwa kidole, sema "celui-là", yaani kile pale, lipa, sogea. Kujiuliza-uliza mbele ya kabati huku watu kumi wako nyuma ndiko kunakowachosha wauzaji.

Uchukue nini? Wageni wengi hukimbilia macaron za rangi rangi. Mimi naona zinapendeza zaidi kwenye boksi kuliko mdomoni, isipokuwa kwa mafundi wachache. Ningeanza na flan, kipande kinene cha kastadi kwenye ganda la unga, kitu cha kawaida kabisa ambacho hakina pa kujificha: ukiona vidoa vidogo vyeusi, mara nyingi hiyo ni vanila ya kweli, na huenda imetoka Madagaska au Komoro, majirani zetu. Kisha Paris-Brest, duara la unga mwepesi lililojazwa krimu nzito ya kokwa zilizosagwa na sukari. Ilibuniwa mwaka 1910 kwa heshima ya mashindano ya baiskeli, na umbo lake ni gurudumu. Kisha tarte au citron, kwa sababu ukali wa limau unakata utamu wa vilivyotangulia. Nunueni vitatu, kateni nusu nusu.

Kama una mambo ya historia, nenda Stohrer, mtaa wa Montorgueil, duka la keki lililopo tangu mwaka 1730. Fahari yake ni baba au rhum, na mwenye kuepuka pombe asiiguse, maana imelowa ramu hadi inadondosha. Canelé za Bordeaux nazo huwa na ramu, ingawa hazionyeshi. Na keki za tabaka zenye mousse inayong'aa kama kioo mara nyingi zimesimamishwa kwa jelatini, aghalabu ya nguruwe; uliza "gélatine de porc?" Flan, croissant, éclair na tarti za matunda kwa kawaida hazina haja nayo.

Ukipata siku za ziada, toka Paris. Brittany kuna kouign-amann, mkate wa siagi ya chumvi na sukari iliyoungua, asili yake mji wa Douarnenez. Kipande kimoja kinatosha watu wawili, daktari wako asijue. Marseille wanaishi Wangazija wengi, na kwenye soko la Noailles lugha utakazozisikia hazitakuwa ngeni sana masikioni. Huko nunua navette, biskuti kavu zenye umbo la mashua na harufu ya maua ya michungwa, ambazo duka la Four des Navettes limekuwa likizioka tangu 1781.

Navette zina sifa nyingine, hazidhuriki safarini. Keki za krimu usizibebe, zitakufia njiani. Biskuti za siagi, nougat na madeleine zinafika Nairobi au Dar salama. Karameli ya kupaka na jamu huhesabiwa kuwa vimiminika, kwa hiyo mtungi unaozidi mililita 100 uweke kwenye sanduku la chini la ndege, la sivyo utabaki kwenye ukaguzi. Ukitamani kupeleka croissant nyumbani, nunua asubuhi ya kuondoka, ifunge kwa karatasi badala ya plastiki, na ukifika ipashe kwenye oveni dakika tano. Ukiitia kwenye maikrowevu, utatafuna mpira.